Ukipima risasi (ile metali yenye sumu) kwenye maji ya kisima, peleka chupa mbili

Mtaalamu wa maabara alinielekeza hili, na kwa kisima chenye pampu linafaa sana. Chupa ya kwanza kinga alfajiri, maji ya mwanzo kabisa, kabla mtu yeyote hajapampu. Kisha acha maji yatoke dakika tano hadi kumi (yakinge kwenye ndoo, ya kufulia hayo), ndipo ujaze ya pili. Andika namba juu ya chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.

Maji yaliyolala usiku kucha ndani ya bomba hunyonya risasi kutoka kwenye viungio vya shaba na mabomba ya chuma, hasa yakiwa na uchachu. Ya kwanza ikizidi mikrogramu 10 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO), na ya pili ikawa chini, mshukiwa ni pampu: badilisha vipuri, usichimbe kisima kipya. Zikizidi zote mbili, huenda tatizo limetoka ardhini, ingawa bomba refu linaweza kukudanganya hapa, maana maji yaliyolala ndani yake huenda hayajaisha. Kuchemsha hakusaidii; maji hupungua, risasi hubaki.

Kwa kisima cha ndoo na kamba mbinu hii haina maana. Arseniki, sumu nyingine ya majini, kwa kawaida hutoka kwenye miamba, kwa hiyo chupa zote zitafanana. Vijidudu vinataka chupa yao iliyotakaswa, kwenye barafu, na ifike maabara siku hiyohiyo. Chupa za kupimia metali omba hukohuko maabara: huwekewa asidi ili metali isigande kwenye kuta zake.