Kununua Gari Dogo la Umeme Lililotumika: Pima Betri Kabla ya Kutoa Pesa

Mtu aliyezoea kununua magari ya petroli yaliyotumika huwa na desturi zake: hufungua boneti, husikiliza injini inavyounguruma, hutazama rangi ya moshi, huchungulia idadi ya kilomita, kisha huanza kupatana bei. Akisimama mbele ya gari dogo la umeme, karibu ujuzi huo wote haumfai. Mota ya umeme haitoi moshi, haidai oili ya injini, na aghalabu huendelea kufanya kazi vizuri hata baada ya viti kuchanika na rangi kupauka. Kinachochakaa ni betri kubwa iliyolazwa chini ya sakafu, ambayo ndiyo sehemu ghali kuliko zote na ndiyo isiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo mnunuzi anapaswa kujiona kuwa ananunua betri, na gari limefuatana nayo. Jambo la kutia moyo ni kwamba betri hiyo inapimika, na vipimo vyenyewe havihitaji karakana.

Kabla ya kwenda kutazama gari lolote, anza na safari zako mwenyewe. Andika kwa muda wa wiki mbili kilomita unazotembea kila siku, na uweke alama kwenye siku iliyozidi zote. Gari dogo la umeme hutumia, kwa makadirio ya kawaida, kati ya kilowati-saa (kWh) 13 na 17 kwa kila kilomita 100, na matumizi hupanda kwenye barabara kuu yenye mwendo wa kasi, kwenye milima, na wakati wa baridi kali ambapo hita hula umeme mwingi. Chukua uwezo wa betri uliobaki, gawanya kwa 15, zidisha kwa 100, kisha punguza sehemu moja ya tano kwa ajili ya usalama. Betri yenye kWh 20 zinazotumika itakupa kilomita 133 kwenye karatasi, na kama 105 za kutegemea. Ikiwa siku yako ndefu kuliko zote ni kilomita 60, gari hilo linakutosha na ziada inabaki. Ikiwa ni kilomita 110, usijidanganye, tafuta lenye betri kubwa zaidi.

Usitumie masafa yaliyotangazwa gari lilipokuwa jipya. Nissan Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010 ikiwa na betri ya kWh 24, ilipimwa Ulaya kwa utaratibu wa zamani uitwao NEDC ikapewa kilomita 175, ilhali kipimo cha Marekani kiliipa kilomita 117 tu. Gari ni lile lile na betri ni ile ile. Tofauti ni namna ya kupima. Utaratibu mpya wa WLTP, ulioanza kutumika Ulaya mwaka 2017, unakaribia ukweli zaidi, lakini nao ulipima betri changa.

Ni vyema pia kujua ukubwa wa betri za magari unayokutana nayo, kwa sababu jina moja huweza kubeba betri tofauti kabisa. Leaf ilianza na kWh 24, ikaja 30, kisha kizazi cha pili kikaja na 40 na baadaye 62. Renault Zoe ilianza mwaka 2012 na kWh 22 na baadaye ikapata 41 na 52. BMW i3 ya mwanzo ilikuwa na takriban kWh 22, ikafuata 33 na 42. Mitsubishi i-MiEV, ambayo pia iliuzwa kwa majina ya Peugeot iOn na Citroën C-Zero, ilianza na 16 tu. Muuzaji anayesema "hii ni Leaf" hajakueleza jambo lolote mpaka ataje mwaka na kWh.

Baada ya ukubwa, uliza umri na mahali gari lilikoishi, na hapa ninaomba msomaji aache kidogo mazoea ya kuhesabu kilomita. Betri ya lithiamu huchoka kwa kutumika, lakini huchoka pia kwa kukaa, na hasa kwa kukaa kwenye joto ikiwa imejaa. Gari lililotembea kilomita 90,000 mahali penye ubaridi wa wastani, likichajiwa hadi asilimia 80 usiku, linaweza kuwa na betri nzima kuliko jingine lililotembea 40,000 tu lakini likashinda juani kila siku likiwa na chaji kamili. Tofauti za muundo nazo zina uzito: i3 ina mfumo wa kupoza betri kwa gesi ya kiyoyozi, wakati Leaf ya kizazi cha kwanza na cha pili haina mfumo wowote wa kupoza betri zaidi ya hewa inayopita nje ya kasha lake. Sisemi kwamba Leaf ni gari baya, kwani ni gari imara sana kwa mambo mengine, ila historia ya joto inapaswa kuulizwa kwa ukali zaidi.

Sasa twende kwenye kupima. Kwenye Leaf, pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijistari 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri, tofauti na vile virefu vinavyoonyesha chaji iliyomo. Wanunuzi wengi huviamini kupita kiasi kwa kuwa hawajui vinavyohesabu. Kijistari cha kwanza hakizimiki mpaka betri ipoteze takriban asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata huwakilisha kama asilimia 6 tu. Kwa hiyo gari lenye vijistari vyote 12 linaweza kuwa na afya ya asilimia 99 au 86, na lenye vijistari 8 limeshapoteza zaidi ya theluthi moja.

Kipimo bora zaidi ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, ile ile ambayo mafundi huitumia kusoma makosa ya injini kwenye magari ya petroli. Kifaa hicho huwasiliana na simu kwa Bluetooth, na kwa Leaf kuna programu mashuhuri iitwayo LeafSpy. Aina nyingine za magari zina programu zake. Tazama kwanza namba yenye herufi SOH, ambayo ni asilimia ya afya ya betri. Kisha tazama volti za seli, zinazochorwa kama safu ya vijiti vilivyosimama pamoja. Vijiti vikiwa karibu kulingana, betri iko sawa; kimoja kikiwa kimezama chini ya wenzake, kuna seli dhaifu, na seli moja dhaifu huburuta betri nzima. Udhaifu huo hujificha chaji inapokuwa juu, kwa hiyo omba kuona vijiti hivyo chaji ikiwa chini ya asilimia 30 na mtu mwingine akikanyaga mafuta kupanda kilima. (Naam, bado tunasema kukanyaga mafuta.) Programu hiyo huonyesha pia gari limechajiwa mara ngapi kwa chaji ya haraka na mara ngapi kwa chaji ya kawaida, taarifa ambayo muuzaji huenda hata haijui.

Hata hivyo, namba hizi zote hutoka kwenye kompyuta ya betri, na kompyuta hiyo inaweza kufutwa kumbukumbu. Nilijifunza hilo nilipokwenda kutazama Leaf ya mwaka 2013, safi kupindukia, yenye vijistari vyote 12 na SOH ya kuvutia. Bei ilikuwa nzuri kiasi cha kunifanya nitake kulipa siku hiyo hiyo. Nikaomba jambo moja tu: gari lijazwe chaji, kisha niliendeshe kwa saa moja, muuzaji akiwa ameketi kando yangu. Nilirudisha kihesabio cha safari kwenye sifuri. Tulipotembea kilomita 38, chaji ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 100 hadi 61, na wastani wa matumizi ulikuwa kama kWh 13.5 kwa kilomita 100. Hesabu niliifanya kwenye simu tukiwa tumeegesha: kilomita 38 zilikula kWh 5.1, nazo ni asilimia 39 ya betri, kwa hiyo betri nzima ilikuwa na kWh 13 na ushei. Leaf ya aina hiyo ikiwa mpya hutoa kama kWh 21 zinazotumika kati ya 24 zake. Betri iliyodai kuwa na zaidi ya asilimia 85 ilikuwa na karibu 60. Mtu alikuwa ameifuta kumbukumbu, na baada ya majuma kadhaa ya matumizi kompyuta ingejifunza ukweli upya na vijistari vingeanza kuzimika kimoja kimoja mikononi mwangu.

Kwa sababu hiyo, jaribio la kuendesha ndilo ninaloliamini kuliko yote, na utaratibu wake haubadiliki hata gari likiwa la aina gani: jaza chaji, sifurisha kihesabio, tembea mpaka itumike angalau theluthi moja, zidisha kilomita kwa wastani wa matumizi na ugawanye kwa 100 upate kWh zilizotumika, kisha gawanya kwa sehemu ya chaji iliyotumika (asilimia 39 ni 0.39). Baadhi ya magari, hasa yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, huandika kilomita kwa kila kWh moja. Hapo kWh zilizotumika utazipata kwa kugawanya kilomita kwa namba hiyo tu. Jibu, likilinganishwa na kWh zinazotumika za betri hiyo ikiwa mpya, likikubaliana na SOH, una ushahidi wa pande mbili. Yakitofautiana sana, rudisha ufunguo.

Suala la soketi ya kuchajia halina utata mwingi, ila limewakwaza watu wengi waliolikumbuka baada ya kulipa. Chaji ya haraka ya Leaf hizi ni ya CHAdeMO, mfumo wa Kijapani, wakati Ulaya imeelemea mfumo wa CCS na China ina mfumo wake uitwao GB/T. Zoe nyingi za kabla ya mwaka 2019 hazina kabisa chaji ya haraka ya mkondo mnyoofu (DC), ingawa hupokea mkondo geu (AC), ule wa majumbani, kwa nguvu kubwa, na kwenye i3 soketi ya chaji ya haraka ilikuwa ya kuagizwa kwa malipo ya ziada. Tembelea vituo vilivyo karibu nawe uone plagi zilizopo. Ikiwa utachajia nyumbani pekee, soketi ya kawaida ya volti 230 ikitoa ampea 10 ni kW 2.3, yaani saa nane hukurudishia kama kWh 16 baada ya upotevu wa njiani. Mwite fundi umeme akague nyaya kwanza, kwani soketi chakavu inayobeba mzigo huo usiku kucha hupata moto hadi kuyeyuka.

Nyaraka zikaguliwe kwa makini kuliko ilivyo desturi. Zoe nyingi za miaka ya mwanzo, katika nchi kadhaa za Ulaya, ziliuzwa bila betri: mwenye gari aliikodi betri kwa malipo ya kila mwezi. Ukinunua gari kama hilo bila kufahamu, unaweza kurithi mkataba au kukuta kwamba betri si yako. Dai uthibitisho wa maandishi wa mwenye betri. Tumia pia namba ya chesisi kuuliza kama gari liliwahi kuitwa kiwandani kwa marekebisho. Mwaka 2021 General Motors iliyaita magari yote ya Chevrolet Bolt kwa hatari ya betri kushika moto, na mengi yalibadilishiwa betri. Gari la namna hiyo, likiwa na hati ya kuthibitisha, lina betri changa ndani ya bodi ya zamani, na hiyo ni bahati ya kuitafuta.

Yaliyobaki ni ukaguzi wa kawaida wenye nyongeza chache. Inama uangalie kasha la betri chini ya gari: lisiwe na mbonyeo, mpasuko wala alama za jeki iliyowekwa mahali pasipofaa. Gari lililozama kwenye mafuriko liache hata likitolewa kwa bei ya kutupa. Usiguse nyaya za rangi ya machungwa, kwani hubeba mamia ya volti. Breki za magari haya hupata kutu kwa kutotumika, kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri. Kwa hiyo zikanyage kwa nguvu mara kadhaa mahali salama na usikilize mkwaruzo au mtetemo. Matairi huisha mapema kutokana na uzito wa gari, basi yatazame yote manne kwa upande wa ndani pia. Kuna vilevile betri ndogo ya volti 12, ile ya kawaida, ambayo ikidhoofika huwasha taa za ajabu kwenye dashibodi na hata kulizuia gari kuwaka. Watu wameuza magari mazima kwa hasara kwa kosa la betri hiyo ndogo.

Ukifika kwenye bei, weka namba zako mezani: SOH uliyosoma, kWh ulizokokotoa, na kilomita ambazo gari linaweza kutembea leo. Punguzo linaloombwa kwa hesabu ni gumu kukataliwa. Namba hizo ziandikwe kwenye hati ya mauziano pamoja na tarehe na sahihi za pande zote mbili. Kabla ya kuondoka, hakikisha umepewa kebo ya kuchajia na funguo zote, na umsubiri mwenye gari wa zamani aliondoe gari kwenye akaunti yake ya simu ukiwa umesimama hapo hapo, kwa kuwa asipofanya hivyo anaweza kuendelea kuona mahali lilipo.