Somo: Ifuate merikebu moja ya makasia ndani ya Arsenale ya Venice

Vita vya baharini vya Lepanto vya 1571, Venice na washirika wake dhidi ya Waturuki wa Osmani, vikisimuliwa, sifa zote huenda kwa maamiri. Leo tuwatazame mafundi wa Arsenale, karakana ya dola ya Venice ya kuundia merikebu. Shika merikebu moja, uifuate tangu gogo.

Hatua ya 1. Mwaloni unatoka misitu ya dola, kama Montello.

Hatua ya 2. Maseremala, *marangoni*, wanalaza mkuku (uti wa mgongo wa chombo) na kusimamisha mataruma (mbavu zake) kwa vipimo vya fundi mkuu. Kengele kubwa ya mnara wa San Marco, Marangona, ndiyo iliyowaita kazini.

Hatua ya 3. Wanaingia *calafati*, mafundi wa kuziba nafasi za mbao. Wanashindilia nyuzi za hempu kati ya mbao, kisha wanapaka lami ya moto. Usiwahesabu kuwa vibarua wa seremala: walikuwa na chama chao na mafundi wakuu wao. Ilikuwa haki yao, maana chombo kikivuja, useremala wote umekwenda bure.

Hatua ya 4. Wachonga makasia, *remeri*. Mti wao ulitoka msitu wa Cansiglio. Hadi katikati ya karne ya 16, benchi moja lilikaliwa na wapiga makasia watatu, kila mmoja na kasia lake. Aliyekaa mbali na ubavu alihitaji kasia refu zaidi, basi fundi alichonga urefu wa namna tatu, la sivyo makasia yangegongana.

Hatua ya 5. Kamba zilisokotwa Tana, jengo lenye urefu wa zaidi ya mita 300.

Hatua ya 6. Hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1436 msafiri Mhispania Pero Tafur aliona merikebu ikivutwa kwenye mfereji, huku madirisha ya pande zote mbili yakitoa kamba, mikate na silaha. Kwa saa sita zilitoka kumi, zikiwa tayari kwa vita.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Waliojenga walikuwa watumwa?
— Marahaba. Hapana, walikuwa raia huru wenye ujira, na walipewa mvinyo kazini. Mtoto wa fundi aliweza kurithi nafasi ya baba yake.

Niko Lamu. Sisi tunatia kalafati kwa pamba na mafuta. Ni kazi ileile?
— Ndiyo, ndugu yangu: kuziba nafasi ya mbao kwa nyuzi. Wao walitumia hempu na lami.

Wanawake walikuwemo?
— Walikuwemo. Wao ndio walioshona matanga.