Somo: Kipimo cha mapigo ya moyo kinachojua mkono umetikisika

Wadau, wengi mmeshachezea MAX30102 (kihisi kidogo kinachosoma mapigo kwa kumulika ngozi) mkakwama palepale: ukitulia inasoma vizuri, ukiinua mkono tu namba zinaruka. Leo tunakiongezea kihisi mwendo, MPU6050. Ni kifaa cha kujifunzia, si cha hospitali.

1. Unganisha. Vyote viwili vinatumia I2C (njia ya mawasiliano ya waya mbili, SDA na SCL), kwa hiyo SDA na SCL za ESP32, kompyuta ndogo inayoendesha kifaa, zinatosha. Anwani hazigongani: MAX30102 ni 0x57, MPU6050 ni 0x68.

2. Vifunge mgongo kwa mgongo kwenye mkanda mmoja. Hapa ndipo kazi inapoharibika. MPU6050 ikining'inia kwenye waya inapima mtikisiko wa waya, wakati wewe unataka mtikisiko ule ule unaokisumbua kihisi cha mwanga. Mkanda ubane kiasi cha kutoteleza, lakini usizuie damu.

3. Soma vyote kwa pamoja, mara 100 kwa sekunde. Kwenye kipimo cha ±2g (g ni nguvu ya uvutano wa dunia), gawanya namba za MPU6050 kwa 16384. Kikiwa mezani kimetulia, kipeuo cha pili (square root) cha x²+y²+z² kitoe karibu 1. Hiyo ni nguvu ya uvutano. Ukipata 0.6, usiendelee, rekebisha kwanza.

4. Weka mpaka. Angalia namba hiyo inapanda na kushuka kiasi gani ndani ya sekunde 4. Tofauti ikizidi 0.1, skrini iandike "TULIA" badala ya mapigo. (Anza na 0.1, kisha urekebishe kulingana na mkanda wako.) Kwangu mimi hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote. Afadhali kifaa kinyamaze kuliko kutoa namba ya uongo.

5. Kwa waliozoea hesabu: LMS (Least Mean Squares), kichujio kinachojirekebisha chenyewe. Programu inakisia sehemu ya wimbi la mwanga iliyotokana na mtikisiko, inaitoa, na inajirekebisha kwa kila sampuli. Angalizo: hatua zikilingana na mapigo, itafuta na moyo wenyewe.

MASWALI

*Mkuu, kwa nini nisiweke kichujio cha kawaida cha masafa (frequency) nikamaliza?*
Kwa sababu mtu akitembea kwa kasi hupiga hatua kama 100 hadi 120 kwa dakika, na moyo unaweza kupiga hivyo hivyo. Kichujio hakijui mguu ni upi na moyo ni upi.

*Nikitembea naona 112, nikisimama inaanguka papo hapo hadi 80. Nina tatizo?*
Moyo hushuka taratibu, hauanguki hivyo. Hesabu hatua zako kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Ukipata kama 112, ulikuwa unasoma miguu.

*Mama yangu ana shida ya moyo. Nimvalishe hiki?*
Hapana, dada. Mpeleke kwa daktari apimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Wakitaka kumfuatilia akiwa nyumbani watampa Holter, mashine ndogo ya ECG inayobandikwa kifuani kwa saa 24 au zaidi. Hata hiyo huchafuliwa na mtikisiko, ndiyo maana mgonjwa huombwa aandike alikuwa akifanya nini na saa ngapi. Asiache kuandika.

*Saa za dukani zina taa ya kijani, hii mbona nyekundu?*
Kijani hakizami sana kwenye ngozi, hivyo mtikisiko hukisumbua kidogo. Ila melanini hukifyonza zaidi, na kwenye ngozi nyeusi itabidi uongeze nguvu ya taa. MAX30102 ina nyekundu na infraredi tu; ukitaka kijani tafuta MAX30105.