Somo: Kujaza puto la hewa moto, kazi ya kikosi cha ardhini

Vijana wa Mwanza, Magu na Bunda wanaotafuta kazi za puto Serengeti huulizia kwanza habari za kuruka. Utakayopewa ni ya chini: kutandaza, kushika, kuvuta, kukunja. Na watu huweza kuumia pale puto linapojazwa.

Hatua ya 1: Upepo. Kazi ianze alfajiri. Huku kandokando ya ziwa, usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda majini. Jua likipanda na ardhi ikipata moto, unageuka na kuvuma kutoka ziwani. Wavuvi wa dagaa wanalijua hilo vizuri. Sisi tunautaka ule utulivu wa katikati. Rubani ataachia kiputo kidogo kukagua upepo wa juu. Kabla hajasema, msitandaze kitu. Kitambaa kielekee upepo unakokwenda. Kapu lilazwe na lifungwe kwa kamba kwenye gari lililowekwa gia na breki ya mkono, funguo zitolewe. Asisimame mtu kati ya gari na kapu, wala kuiruka ile kamba.

Hatua ya 2: Feni ya kujaza puto hewa. Hakuna kanga, skafu wala kitambulisho cha shingoni karibu nayo. Usisimame ubavuni mwa panga zake, maana panga likikatika hurukia pembeni. Mtu mmoja asifanye kingine ila kuzuia watoto na wavuta sigara.

Hatua ya 3: Mdomo wa puto. Wawili wanaushika wazi, mmoja kila upande, glavu za ngozi mkononi, uso umegeuzwa mbali na moto. Mguu usiingie katikati ya nyaya. Glavu si za moto tu: propani, gesi ya kichomeo, huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, hivyo ikivuja ikiwa kimiminika inagandisha ngozi. Tena ni nzito kuliko hewa, hulala kwenye nyasi. Ukisikia harufu, piga kelele kabla kichomeo hakijawashwa.

Hatua ya 4: Kamba ya kileleni. Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Anayeishika huvuta nyuma ili puto lisisimame kwa pupa, kisha hulifuata taratibu kuelekea kapuni. Usiizungushe mkononi wala kiunoni, hata mara moja. Puto la mita za ujazo 2,200, likijaa hewa ya feni, limebeba hewa ya zaidi ya tani mbili. Likishaanza kwenda, halizuiwi na kilo zako sabini. Visigino vikianza kuwa vyepesi, achia.

Hatua ya 5: Puto likisimama, wote mlalie ukingo wa kapu, miguu chini. Rubani akisema "achia", mnaachia kwa pamoja.

MASWALI YA WANACHAMA

Nyegezi: Mwalimu, wenzangu wakiachia nami bado nimeshika, si nitaliokoa puto?
Jibu: Hapana, mdogo wangu. Utapanda nalo, na kila sekunde unayosita inaongeza urefu wa kuanguka. Rubani ana kamba ya kufungua kilele na kutoa hewa. Wewe huna kitu.

Kirumba: Jezi ya Pamba Jiji inaruhusiwa?
Jibu: Ivae uwanjani. Polista huyeyuka na kugandana na ngozi. Shati la mikono mirefu la pamba halisi, suruali ndefu, buti.

Magu: Ile ajali ya Misri ilianzaje?
Jibu: Luxor, 26 Februari 2013, watu 19 walikufa. Puto lilikuwa linatua, gesi ikavuja kwenye mpira wa kuipitishia, moto ukawaka, puto likapaa tena. Ndiyo maana mipira hukaguliwa kila asubuhi, hata kama jana ilikuwa mizima.

Bunda: Wingu la radi likiwa mbali ng'ambo ya ziwa, tuendelee?
Jibu: Kunjeni. Upepo wa wingu hilo hutangulia mvua, nao hukuta kitambaa kimeshajaa nusu. Abiria wameshalipa? Warudishiwe.