Namna ya Kutambua Ugonjwa wa Susac Unaodhaniwa Kuwa Kipandauso

Maumivu makali ya kichwa yanapomrudiarudia mtu mzima, hasa mwanamke wa miaka 20 hadi 40, kwa kawaida huitwa kipandauso, na mara nyingi jina hilo huwa sahihi. Upo, hata hivyo, ugonjwa adimu ulioelezwa mwaka 1979 na daktari wa Marekani, John Susac, pamoja na wenzake, ambao huweza kuanza kwa maumivu yayo hayo. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huishambulia mishipa midogo ya damu ya ubongo, ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) na ya sikio la ndani, hata ikaziba.

Tiba huchelewa pale malalamiko yanapogawanywa: kichwa kwa daktari mmoja, jicho kwa mwingine, sikio kwa wa tatu. Andika yote katika karatasi moja, ukitaja tarehe na muda ambao kila dalili ilidumu, kwa maana muda ndio unaotofautisha. Vimulimuli vya mwanga ambavyo mtu mwenye kipandauso huviona huenea taratibu na kwa kawaida hutoweka ndani ya saa moja, ilhali doa jeusi linalotokana na mshipa wa retina ulioziba huweza kubaki pale pale. Ziba jicho moja uitazame kalenda ukutani, kisha uzibe la pili, kwa kuwa jicho zima huficha pengo la mwenzake. Masikio nayo yapime moja moja kwa kusikiliza simu. Mara nyingi sauti nzito ndizo zinazopotea, na huweza kuambatana na mlio masikioni au kizunguzungu.

Mtu anayesahau au kubadilika tabia kwa sababu ubongo umeguswa huenda asilitambue hilo mwenyewe, kwa hiyo aende hospitali na ndugu anayeishi naye.

Mwombe daktari wa neva afikirie kipimo cha MRI (picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku), kwa sababu CT (picha ya eksirei inayochukuliwa kwa kompyuta) huweza isionyeshe madoa yanayotokea katikati ya daraja la nyuzi linaloziunganisha nusu mbili za ubongo. Ulizia pia kipimo cha usikivu na picha ya mishipa ya retina inayopigwa baada ya kudungwa rangi ya floresini, hata kama macho hayana shida, kwani kwa wagonjwa wengi dalili za ubongo, macho na masikio hazianzi pamoja.

Ukipoteza ghafla kuona au kusikia, au ukichanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Madaktari hutumia steroidi (dawa zinazotuliza kinga ya mwili) za dozi kubwa na dawa nyingine za kutuliza kinga, lakini usikivu uliokwisha kupotea mara nyingi haurudi.