Kutambua na kutoa fuvu la gorgonopsi mwambani

Bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, lina miamba ya enzi ya Permi yenye mabaki ya gorgonopsi, mla nyama aliyetoweka miaka milioni 252 hivi iliyopita, kabla dinosaria hata mmoja hajatokea. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda visukuku, kwa hiyo kibali kwanza, tindo baadaye.

Anza na jino. Miamba hiyohiyo imejaa disinodonti, wala majani wenye meno mawili marefu yaliyochomoza, na hapo ndipo wengi hupotea. Jino la disinodonti lina mviringo kama kijiti, na halina makali. Chonge ya gorgonopsi imebanwa pande mbili kama kisu. Ukiweka lenzi ya mara 10 ukingoni utaona vijino vya msumeno. Mbele ya chonge ya juu kuna meno 5 kila upande, nyuma yake machache madogo. Kisha tazama nyuma ya jicho: tundu moja tu kila upande. Dinosaria ana mawili.

Usifukue mfupa wote. Acha mwamba wa sentimita 5 ulizunguke fuvu. Penye nyufa nywesha Paraloid B-72, gundi ya kuimarisha mfupa, gramu 5 kwa mililita 100 za asetoni, mfupa ukiwa mkavu kabisa. Ukiwa na unyevu gundi hugeuka utando mweupe na haizami.

Chimba mtaro kulizunguka fuvu, kisha chimba chini yake mpaka libaki juu ya shina kama uyoga. Bandika tabaka 3 za tishu iliyoloweshwa, ukiipigapiga kwa brashi iingie kila shimo. Ukiruka hatua hii, plasta ya jasi utakayolifunikia fuvu itang'ang'ania mfupa, na siku ya kuibandua mfupa utabanduka nayo.

Nyunyiza plasta kwenye maji, si maji kwenye plasta, mpaka vilima vidogo visizame tena. Koroga taratibu iwe kama uji. Chovya vipande vya gunia la katani vya upana wa sentimita 10, vikiwa vimeloweshwa maji kwanza, uvipishanishe tabaka 3 au 4, ncha zikunjwe chini ya ukingo. Kazi nyingi huharibikia kwenye ukingo huo: plasta ikiishia ubavuni, ukipindua mwamba unachomoka na fuvu linamwagika vipande.

Plasta ikishakauka, andika juu yake namba, kaskazini na upande wa juu. Kata shina, pindueni watu wawili au zaidi kwa mpigo mmoja, kisha zibeni upande wa chini kwa tishu na plasta vilevile.