Daftari la mauzo na matumizi kwa LibreOffice Calc: hatua kwa hatua

Somo hili ni la anayeuza viazi Mwanjelwa, parachichi Tukuyu au mbao Mafinga, na jioni anataka kujua pesa imekwenda wapi. LibreOffice ni programu huria, hailipiwi, na ikishawekwa haidai intaneti; Calc ni sehemu yake ya majedwali ya hesabu. Faili lake la Windows lina zaidi ya MB 300, kwa hiyo apakue mtu mmoja, wengine mchukue kwa flashi.

1. Anza na tarehe. Fungua Tools, Options, Languages and Locales (matoleo ya zamani yanaandika Language Settings), na kwenye Locale setting chagua English (UK). Ukiacha ya Marekani, 5/3 unayoiandika ukimaanisha tarehe 5 Machi itasomwa Mei 3. Kompyuta haitakulalamikia, utakuja kushangaa mwezi hauna mauzo.

2. Karatasi mbili tu. Bofya mara mbili jina la karatasi chini, iite Daftari. Ongeza ya pili, iite Muhtasari. Wengi hutengeneza karatasi 12, moja kwa kila mwezi, na hapo ndipo daftari linapofia: ukitaka kulinganisha nauli ya Januari na ya Juni unaanza kurukaruka. Mwaka mzima ukae kwenye karatasi moja, kila muamala mstari wake.

Mstari wa kwanza wa Daftari uandike hivi: A Tarehe, B Aina, C Maelezo, D Kilo, E Imeingia, F Imetoka. Kisha View, Freeze Cells, Freeze First Row, ili vichwa visipotee ukishuka chini. Tarehe ya leo huiandiki: Ctrl na ; (nukta mkato) inaiweka yenyewe.

3. Orodha ya aina. Kwenye Muhtasari, kuanzia A2 hadi A9, andika matumizi: Nauli, Magunia, Ushuru, Vibarua, Mbegu, Mbolea, Chakula, Vocha. A10 andika Mauzo. Rudi Daftari, chagua B2:B2000, nenda Data, Validity, Cell range, na kwenye Source andika $Muhtasari.$A$2:$A$10. Sasa unachagua badala ya kuandika. Hii si mapambo: "Nauli" na "nauli ya gari" kwa kompyuta ni vitu viwili.

4. Zuia herufi kwenye pesa. Chagua E2:F2000, Data, Validity, Whole Numbers, kubwa kuliko au sawa na 0. Kisha Format, Cells, weka #,##0 ili alama za maelfu zijitokeze zenyewe.

5. Jumla. Muhtasari, B1 andika 1/1/2026, C1 andika 1/2/2026, endelea hadi Desemba. Kwenye B2 weka:

=SUMIFS($Daftari.$F:$F;$Daftari.$B:$B;$A2;$Daftari.$A:$A;">="&B$1;$Daftari.$A:$A;"<"&EDATE(B$1;1))

Ivute kulia na chini hadi mstari wa 9. Mstari wa 10, wa Mauzo, weka fomula hiyo hiyo ila badili $F:$F iwe $E:$E. Aliyezoea Excel aangalie: hapa kati ya jina la karatasi na safu ni nukta, si alama ya mshangao.

Maswali ya wanakikundi

*Mwalimu, jumla yangu ni ndogo kuliko pesa niliyoshika. Fomula nimeinakili kama ilivyo.*
Bonyeza Ctrl na F8. Namba halisi zinageuka bluu, maandishi yanabaki meusi. Bila shaka una "45,000/=" mahali; hiyo /= inaifanya kuwa neno, na neno halijumlishwi. Hatua ya 4 inazuia unapoandika, lakini ukibandika kutoka kwingine inapita.

*Umeme ukikatika katikati?*
Tools, Options, Load/Save, General: punguza AutoRecovery iwe dakika 2. Hata hivyo Ctrl na S kila baada ya mistari michache ndiyo kinga yenyewe.

*Mkuu, kwa nini kilo na si gunia? Sisi tunauza kwa gunia.*
Kwa sababu ya lumbesa. Gunia lililofungwa kwa kilemba na lililojazwa kawaida haviwezi kuwa "1" na "1" kwenye safu moja. Pima, andika kilo, idadi ya magunia iwe kwenye Maelezo.

*Nalihamishaje kwenye simu bila bando?*
Weka LocalSend (programu ya kutumiana mafaili bila intaneti) kwenye simu na kompyuta. Zima data ya simu kwanza, ndipo uwashe hotspot na kuunganisha kompyuta. Usipozima, Windows inaweza kuanza kujisasisha na bando likaisha. Faili la daftari (.ods) linafunguka kwa Collabora Office, nayo haina malipo. Simu iwe ya kusoma tu: ukiandika pande zote mbili utabaki na madaftari mawili, na kuyaunganisha ni kazi ya mstari kwa mstari.